Mafunzo ya kilimo bila udongo yaanzie kwenye maji yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafunzo ya kilimo cha haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, na cha maikrogrini, zile mboga changa zinazovunwa mara tu majani yake ya kwanza yanapofunguka, ambayo siku hizi vijana wengi wa Arusha wanayalipia kwa matumaini makubwa. Karibu yote hutangazwa kuwa ni mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo, mara nyingi mshiriki huketi ukumbini asubuhi, huoneshwa mabomba ambayo tayari yamestawi saladi, hupiga picha, na jioni hukabidhiwa cheti bila kuwa amepima wala kuchanganya chochote kwa mikono yake.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni kutozungumzia maji. Visima na chemchemi nyingi zinazouzunguka Mlima Meru hutoa maji yenye floridi nyingi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano, na sote tunayafahamu madhara yake kwenye meno ya watoto wetu. Lakini maji hayohayo huwa pia na chumvichumvi za jamii ya magadi, ambazo ndizo zinazomtesa zaidi mkulima wa haidroponiki. Saladi hufyonza virutubisho vizuri pale pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, inapokuwa kati ya 5.5 na 6.5, ilhali magadi huivuta pH juu kila inaposhushwa. Ikizidi 7, madini ya chuma hayapatikani vizuri kwa mmea na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mkulima asiyefundishwa jambo hili hudhani mbolea imepungua, huongeza nyingine, na kuzidisha chumvi ambayo tayari ilikuwa nyingi. Mafunzo ya kweli yangemtaka kila mshiriki aje na chupa ya maji ya kwake, ayapime, ajifunze kuishusha pH kwa kumimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji, na kamwe si maji ndani ya asidi, au ashauriwe mapema kwamba afadhali ajenge tangi la kuvunia maji ya mvua ya masika.

Ningependa pia mkufunzi aizime pampu makusudi saa saba mchana. Katika mifumo ambayo maji hupita kama utando mwembamba chini ya mizizi, umeme ukikatika jua likiwa kali, miche hunyauka ndani ya saa chache, na sidhani kama kuna haja ya kumweleza msomaji wa gazeti hili habari za umeme kukatika. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, ataelewa kwa nini anayeanza anafaa kutumia chombo cha maji yaliyotulia, kisichohitaji pampu.

Kuhusu maikrogrini, hakuna kisingizio cha mafunzo ya siku moja, kwa kuwa figili na haradali huwa tayari ndani ya wiki mbili, hata pungufu. Mshiriki anaweza kupanda, kumwagilia, kuvuna kwa mkasi na kumpelekea mpishi wa hoteli kabla mafunzo hayajafungwa. Humo ndimo angejifunza kwamba mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi hazifai kabisa kwa kazi hii, na kwamba maikrogrini si sawa na mbegu zilizochipushwa na kuliwa pamoja na mizizi yake. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, ugonjwa uliohusishwa na mbegu za uwatu zilizochipushwa uliua zaidi ya watu 50, kwa hiyo suala la usafi wa trei, maji na mikono si la kumalizwa kwa sentensi moja. Angejifunza pia kwamba mnunuzi wake mkuu ni hoteli na kambi za watalii, ambazo nyingi hupungukiwa wageni mwezi Aprili na Mei.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nashauri kikundi kinachoomba mkopo huo kwa ajili ya haidroponiki kioneshe kwanza majibu ya kipimo cha maji yake na zao moja kililolikuza chenyewe hadi sokoni, badala ya vyeti vya semina. Utaalamu hauko mbali: Tengeru peke yake ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Waandaaji wa mafunzo wabishe hodi huko kabla ya kuchapisha tangazo jingine.

Mkulima wa mboga,
Usa River, Arusha