Tuwekewe benchi za kutazamia machweo

Mhariri,

Sisi wa Moshi hatuna bandari ya kutazamia jua likizama. Lakini juzi saa 12 jioni, nikitoka sokoni na kapu langu la ndizi, wingu lililofunika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kutwa nzima lilifunguka. Jua lilikuwa likizama upande wa Mlima Meru, na barafu ya kilele kile cha mita 5,895 ikageuka rangi ya embe bivu! Nikasimama. Dereva wa bodaboda akanipigia honi, muuza karanga akacheka, "Mama, hujawahi kuuona mlima?" Nimeuona miaka hamsini, mwanangu. Shida ni miguu. Wahusika watuwekee benchi mbili tatu zinazoelekea kaskazini, uliko mlima, na tafadhali wasizijaze matangazo.

Bibi wa wajukuu sita,
Moshi