Barua kwa mwanangu: seli zikiishiwa nguvu

Kamwene mwanangu,

Nimeona meseji yako, eti mwalimu wenu kasema seli zinakufa kwa njia mbili na wewe umebaki unawaza zile za ubongo wa babu yako, alipopata kiharusi, zilikufa kwa ipi. Kwenye simu tungemaliza salio bure, na huku Iringa baridi imekaza hata kutoka nje sitaki, kwahiyo naandika.

Jibu ni zote mbili.

Unajua ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na akiba yake ni ndogo sana. Sasa mshipa wa damu kwenye ubongo wa babu ulipoziba, pale katikati damu ilikata kabisa, mitokondria, yaani vile vinu vya nguvu ndani ya seli, zikakosa oksijeni na sukari, ATP (ndiyo nguvu yenyewe inayotumiwa na seli) ikaisha ndani ya dakika chache, pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli zikasimama, chumvi na maji vikaingia, kalsiamu nayo ikafurika, seli ikavimba mpaka ikapasuka na kumwaga uchafu wake wote kwa majirani. Hiyo ndo nekrosisi.

Pembeni yake damu ilikuwa inapita kidogo kidogo. Seli za pale zinagoma kufanya kazi ila hazijafa, na nyingine zikizidiwa zinakufa baadaye, masaa au hata siku kadhaa, tena kwa utaratibu kama mpangaji anayefunga mizigo, anafagia chumba na kukabidhi ufunguo. Mitokondria inavujisha protini yake iitwayo saitokromu c, vimeng'enya vya kaspasi vinaanza kukatakata, seli inasinyaa na kumezwa bila fujo. Hiyo ni apoptosisi, jina limetolewa 1972.

Kinachonifurahisha mimi ni hiki: kufa vizuri hivyo kunahitaji ATP! Mwaka 1997 watafiti walichukua seli nyeupe za damu maabara, wakazipa sumu ileile, zenye ATP ya kutosha zikafa kwa utaratibu, zilizopunguziwa zikafa kwa kupasuka, walipozirudishia sukari ya kutengenezea ATP zikarudi kwenye utaratibu. Kwahiyo mtu akikwambia "seli zilikosa hewa zikafa" kakupa nusu ya habari. (Kansa ni kinyume, seli imeharibika na bado inakataa kufa, ila hiyo tutaongea ukija likizo.)

Ndo maana siku ile nilimfokea kila aliyesema babu apakwe mafuta kwanza tusubiri asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu kiharusi kianze, na lazima apigwe CT scan (picha ya ndani ya kichwa) kwanza maana kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaweza kumuua. Kutoka kule Kilolo usiku na barabara ya vumbi, wewe piga hesabu. Zile seli za pembeni ndizo tulikuwa tunazikimbilia.

Babu sasa anashika kikombe kwa mkono wa kulia, chai inamwagika nusu na anatukana Kihehe vizuri kabisa. Baba yako anauliza hela ya field umeipata?

Mama