Kuhusu Bosi na kioo cha gari

Arusha, Jumapili jioni

Eli ndugu yangu,

Habari za Dodoma? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima isipokuwa mbwa wako. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mzee Shirima, na lawama nazistahili, ila tutagombana siku nyingine. Leo nina shida moja: kadi ya chanjo ya Bosi iko wapi?

Jumanne nilikuwa nakwenda Moshi kufuata vipuri vya mashine ya Kimaro. Bosi akarukia kiti cha nyuma kabla sijawasha gari, akakaa anasubiri kioo kishuke. Hukunieleza ugonjwa huu uliponiachia. Hatujamaliza Sakina, kichwa kiko nje: masikio yamepinduka mpaka wekundu wa ndani unaonekana, midomo imejaa upepo, mate yanachora mistari ubavuni mwa gari langu. Amekaa kama mkuu wa wilaya kwenye ziara. Watoto wa shule pale Tengeru wanampungia mkono yeye. Mimi dereva hata sionekani.

Kupita Boma Ng'ombe, lori la mchanga likatupita, turubai limefungwa nusu. Nikasikia kilio, aise, nikajua tayari. Jicho la kushoto limefumba, analisugua kwa mguu. Moshi nikaanzia kwa daktari wa mifugo badala ya vipuri. Jicho limekwaruzika, matone mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Njoo uone mimi na jirani, mama Neema, tunavyomkamata kila asubuhi kama mwizi wa kuku!

Nikamuuliza daktari, huyu anatafuta nini huko nje? Akamshika pua akanionyesha ile mikato miwili ya pembeni. Umewahi kuiangalia? Mimi siku zote nilidhani ni mikunjo tu. Kumbe hewa inaingia kwa mbele na kutokea pembeni kule, kwa hiyo pumzi inayotoka haiisukumi harufu inayoingia. Akasema vipokezi vyetu vya harufu ni kama milioni 6. Vya mbwa vinaweza kufika milioni 300. Sasa kiumbe wa hivyo umfungie kwenye gari lenye dizeli na soksi zangu! Nikakumbuka Kikatiti: huwa anaanza kutikisa mkia kabla mimi sijaona hata moshi wa nyama choma.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua. Nikimpulizia usoni, anageuka kwa dharau na kupiga chafya. Upepo wa kilomita themanini kwa saa anaupenda, wangu hautaki. Mke wangu anasema ni vitunguu. Wakati wa kurudi nikamwachia kijana usukani, nikatoa kichwa mwenyewe tukiwa Usa River, nione. Nilipata harufu ya moshi wa fuso na mdudu mmoja wa meno. Nani alikuwa kituoni? Mama Neema. Habari zilifika nyumbani kabla yangu, kwamba akili zimeanza kuniruka.

Daktari ametuonya: jicho lingeweza kupotea, na masikio yakipigwa na upepo muda mrefu mishipa hupasuka, sikio likavimba damu. Bado hujasema nikifunga breki ghafla. Kwa hiyo sasa nashusha kioo vidole vinne tu, pua ipite, macho yabaki ndani. Anasukuma pua pale, kioo kizima ukungu, halafu ananitazama kwenye kioo cha dereva kama nimemdhulumu urithi. Roho inaniuma, lakini sirudi nyuma.

Hiyo kadi ndiyo daktari anaitaka. Sindano ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka na mimi sijui ya mwisho ilikuwa lini. Shemeji aliifungasha na vyeti vya watoto? Au ilibaki kwenye droo ya ile kabati uliyomuuzia Kimaro? Na kwako alikuwa anatoa kichwa tu, au aliwahi kuruka? Ulimzoesha wewe kwenye ile kirikuu, au alikuja nayo? Na ukimpulizia usoni wewe, alikuwa anafanyaje?

Ukiipata, itie kwenye bahasha umpe kondakta wa basi la asubuhi, kisha nipigie namba ya basi. Nitaipokea stendi. Bosi nitamwacha nyumbani siku hiyo, akisikia funguo tu tumekwisha.

Wako,
Godi