Barua kwa kampuni ya mizigo iliyofuta kioo changu cha pinboli kwa petroli

Mwanga,
Kigoma.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usafirishaji wa Mizigo,
Dar es Salaam.

Kupitia kwa Meneja wa Tawi, Kigoma (ambaye najua ataifungua kabla yako, aifungue tu).

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA KIOO CHA MASHINE YANGU NDANI YA STOO YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakusalimu. Masharti ya kampuni yenu mnayajua, yapo nyuma ya stakabadhi kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo sitapoteza karatasi kuwakumbusha. Naanza na lililonileta.

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, afisa mizigo wenu wa tawi la Kigoma alichukua kitambaa, akakimiminia petroli kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, akafuta kioo changu upande wa nyuma, upande wenye rangi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu. Nikamwambia, "Usifute." Akafuta. Mkono wa kwanza ukaondoka na kofia ya manjano ya mwanamke aliyechorwa pale tangu 1976. Mkono wa pili ukaondoka na uso wake. Kijana akanigeukia akasema, "Anko tulia, nakusafishia bure."

Hiyo ndiyo barua. Yanayofuata ni maelezo.

Mzigo ulikuwa mashine ya pinboli ya Gottlieb, kazi ya Marekani, ile ya mchezo wa goroli ya chuma inayotembea kwenye ubao wa mwinamo chini ya kioo, nawe unairudisha juu kwa vikono viwili vya pembeni. Ni ya zama za kabla ya kompyuta kuingia humo. Ndani yake hakuna hata chipu moja. Ni rilei (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme), mota, nyaya na magurudumu ya namba yanayozunguka kwa sauti ya "tak, tak" unapopata pointi. Nimeitafuta mashine ya aina hii miaka saba. Wapo wanaokusanya saa, wapo wanaokusanya madeni. Mimi nakusanya pinboli. Hii ilikuwa ya tatu, na ndiyo pekee ambayo kioo chake cha kichwani, kile chenye picha kinachosimama wima mbele ya mchezaji, kilikuwa hakijabanduka rangi hata mahali pamoja.

Kazi yangu ni kuchora katuni zinazotembea. Fremu 24 kwa sekunde moja, na mtu yeyote aliyejifunza kazi hii alianzishiwa zoezi lile lile: chora mpira unaodunda. Uzito wake uonekane, ugumu wa sakafu uonekane, na kasi ipungue pale juu kabla haujaanza kushuka. Vijana ninaowafundisha hapa Mwanga nawaweka mbele ya pinboli kwanza, ndipo nawapa penseli, kwa sababu goroli ya gramu 80 haimdanganyi mtu kuhusu uzito. Sasa ile picha ya kioo cha kichwani, Ndugu Meneja, si stika. Imechapwa kwa skrini nyuma ya kioo, rangi moja baada ya nyingine, ili taa ikiwaka kwa ndani mwanga upenye. Katuni za zamani zilitengenezwa kwa akili hiyo hiyo: mstari unachorwa mbele ya plastiki angavu, rangi inapakwa nyuma. Watu kama Roy Parker, na baada yake Gordon Morison, waliichorea Gottlieb vioo kwa miaka na miaka bila wachezaji wengi kuyajua majina yao. Mimi nayajua. Afisa wenu hakulazimika kuyajua. Alilazimika kusikia neno "usifute".

Kutoka Dar kioo kilifika kizima. Naomba hilo lisomwe mara mbili. Nilimlipa seremala wa Keko atengeneze kasha la mbao la mashine, na kasha jembamba la peke yake la kioo: mbao mbili za plaiwudi, godoro katikati, blanketi, na neno KIOO kwa rangi nyekundu pande zote nne. Dereva wenu, ambaye sina ugomvi naye na Mungu ambariki, alilivusha Dodoma, akalivusha Tabora, akapita mashimo ya njia ya Uvinza, akalishusha Kigoma bila ufa. Wajerumani nao waliileta Liemba hapa kutoka Papenburg ikiwa imefunguliwa vipande vipande, makasha kama elfu tano, kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi ziwani, ikaungwa upya na kuingia majini 1915. Meli nzima! Mimi niliwapa makasha mawili.

Mzigo ulifika Jumatatu. Hakuna aliyenipigia. Niliambiwa na bodaboda aliyeuona. Nilipofika Jumanne nikakuta makasha yote mawili yamefunguliwa, misumari imetupwa chini, na afisa wenu ananiuliza kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kiko wapi, maana "hii ni dubwi". Nikamwonesha kwamba haina mahali pa kutemea pesa. Unatumbukiza sarafu, unacheza, goroli ikikuponyoka umekwisha, unaenda nyumbani. Nikamweleza kwamba hata New York waliwahi kuipiga marufuku wakidhani ni kamari, hadi 1976 Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani na kuwaonesha kwa mikono yake kwamba ni ustadi, wakairuhusu. Akanijibu kwamba hapa si New York. Kweli si New York. Miaka ya 1940 Meya La Guardia wa huko alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Huku mnatumia petroli na hakuna hata aliyepiga picha.

Nikaenda serikali ya mtaa, nikaandikiwa barua, nikarudi Ijumaa. Katika siku hizo nilizokuwa nazunguka na bahasha, madumu ya mawese yanayosubiri gari la kwenda Dar yalipangwa juu ya kasha la kioo lililokuwa wazi. Dumu moja lilivuja. Hapo bado nilikuwa mpole. Mawese si msiba, ni mafuta. Mtu mwenye subira, pamba na nusu siku angeyatoa upande wa rangi bila kuondoka na kitu, na mkono wa kazi hiyo ninao. Ndiyo maana nilisema kwa sauti ya kawaida, siyo ya ugomvi: usifute, nitasafisha mwenyewe.

Sasa narudia lile tukio, kwa sababu meneja wa tawi amenipa karatasi yenye mstari mmoja: "Kioo cha mteja kilikutwa kimechafuka na kikasafishwa na mtumishi wetu." Kikasafishwa!

Haikuwa hivyo. Ilikuwa hivi. Kioo kilikuwa kimeegeshwa kwenye mizani ya mizigo. Kijana alikuwa anatafuna muwa. Aliposikia nasema usifute alicheka, akawatazama makuli waliokuwa wamekaa juu ya magunia ya dagaa, akawaambia, "Mtu mzima analilia mwanasesere." Wakacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyesema, "Mwachie mwenyewe kioo chake." Hakusikilizwa. Kijana akaweka muwa mdomoni, akatumia mikono yote miwili. Kwenye ripoti inaonekana kama alipangusa mara moja. Alifuta mara sita, nilihesabu, kuhesabu mwendo ndiyo kazi inayonilisha. Mara ya kwanza kofia. Mara ya pili uso. Ya tatu nilikuwa nimemshika mkono, akanisukuma kwa kiwiko. Ya nne, ya tano, ya sita zilikwenda na bega, na nyota mbili, na dirisha lote la namba za mchezaji wa kwanza. Alipomaliza alikiinua kioo kuelekea mlangoni, jua likapita pale palipokuwa na mwanamke, akasema, "Si unaona? Kimetakata."

Ndugu Meneja, kimetakata kweli. Naona mlango wa jirani kupitia humo.

Halafu, kama nyongeza, nikadaiwa tozo ya stoo ya siku nne, 10,000 kwa siku, kwa mzigo mliouzuia ninyi wenyewe. Nikalipa 40,000 kwa sababu nilitaka kutoka mle ndani kabla sijafanya jambo la kunipeleka polisi. Nyumbani nikagundua mguu mmoja wa mashine haupo. Ina miguu minne. Nilipopiga simu nikaambiwa niweke tofali.

Ndani ya mashine hii kuna kitu wanachokiita tilti: uzito mdogo unaoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukiitikisa mashine kwa kiasi inakuvumilia, ni sehemu ya mchezo. Ukizidisha, uzito huo unagusa pete, vikono vinakufa na goroli unaipoteza. Sina cha kuongeza hapo.

Nilipoanza kuandika barua hii juzi nilikuwa naomba mambo matatu: nirudishiwe nauli ya mzigo 385,000, nirudishiwe 40,000 ya stoo, na niombwe radhi kwa maandishi na yule kijana. Mguu ningeutafuta mwenyewe. Jana meneja wa tawi akanipigia, akasema kampuni kwa ubinadamu iko tayari kunikatia kioo kipya kwa fundi vioo wa hapa Mwanga, "saizi ile ile". Saizi ile ile. Baada ya simu hiyo madai yangu yamekuwa haya: nauli yote, tozo yote, mguu, na bei niliyonunulia mashine nzima, 4,200,000, risiti ninayo. Msamaha nao uandikwe na kampuni na kusainiwa na wewe, si kijana. Nimefikiria usiku, nikaona kijana alifanya alichozoea kufanya, na aliyemzoesha yuko juu yake.

Nawapa siku 14 tangu tarehe mtakayogonga muhuri wa kupokea. Siku ya 15 barua inakwenda kwa wakili na nakala kwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini.

Na kuna jambo la pili, ambalo halihitaji wakili. Nimeanza kulichora. Kitambaa, chupa ya maji, muwa mdomoni, mkono unakwenda na kurudi, mwanamke anaondoka kidogo kidogo. Hakuna jina la kampuni wala la mtu, sina haja nalo. Kigoma ni ndogo na kila mtu anaijua ile mizani. Fremu 96 ziko tayari, yaani sekunde nne, na sekunde nne zinatosha kufika kwenye uso. Zilizobaki naweza kuzimaliza au kuziacha kulingana na majibu yenu. Huu si mzaha, na kama unausoma kama tishio, umesoma sawasawa.

Kile kitambaa ninacho. Nilikiokota mlangoni nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, na manjano ya ile kofia bado yapo. Akija mtu wenu kukikagua nitamwonesha. Kukishika hataruhusiwa.

Wenu,

Mteja mwenye stakabadhi mliyoigonga muhuri "UMEPOKELEWA UKIWA MZIMA"