Ile barua iache mkobani

Mwanangu mpenzi,

Hujambo mama? Sisi huku Bagamoyo hatujambo, ila paa la jikoni linavuja na usiku nahamisha sufuria kufuata matone.

Tangu uliponipigia Jumapili sijapata usingizi. Ile barua ya kuacha kazi, umeshampelekea mganga mfawidhi? Kama bado, iache mkobani.

Unasema uuguzi si kusudi lako, na kwamba yule mhubiri anaahidi kila atakayelipia semina ya siku tatu atafunuliwa lake. Sikatai kwamba Mungu huita. Samweli aliitwa usiku, tena kwa jina. Lakini hakulipa kiingilio, na sauti ilimkuta hekaluni, yumo katika utumishi wake kwa mzee Eli.

Na ule mstari mnaotumiana kwenye simu, Yeremia 29:11, umeusoma kuanzia juu? Ni barua kwa mateka walioko Babeli. Kabla ya kupewa lile neno la tumaini waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule ule uliowateka, na kwamba ingepita miaka 70. Mama, miaka 70! Wengi waliopanda zile bustani walizikwa hukohuko. Nani atasema Mungu hakuwa na kusudi nao?

Wageni wakija hapa misheni huonyeshwa mnara ulimolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti, Februari 1874. Mimi huwawaza waliombeba, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, tangu kule bara alikofia Mei 1873. Miezi tisa na mzigo. Sidhani kama kila asubuhi waliamka wakiusikia wito. Waliamka wakabeba.

Ya mwaka ule wa kipindupindu sirudii, unayajua. Nitasema la Krismasi tu, maana hukujua kama nakuangalia. Yule mtoto wa jirani aliyeungua na uji, kitambaa kimegandamana na kidonda. Ulikilowesha, ukasubiri, ukalowesha tena, huku unamuuliza habari za kuku wake. Kilipotoka hakulia. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka mchuzi ukaungua. Halafu unaniambia hujaona alama yoyote!

Najua utasema fomu ya chuo nilijaza mimi. Kalamu ilikuwa yangu, kweli. Marehemu baba yako alisema tukuulize kwanza, lakini siku zilikuwa zimebaki mbili, na mimi kungoja sikujui. Nimelikumbuka hilo sana wiki hii. Kama moyo umeukataa uuguzi kabisa, omba likizo, njoo, safari hii nitauliza na nitanyamaza nikusikilize. Ila usije ukiwa umeshaacha kazi kwa sababu ya semina. Hela yenyewe ya kiingilio ulikuwa umeniambia ni ya ada ya mdogo wako, na hilo limeniuma, sitalificha.

Mdogo wako anakusalimu, amepanda darasa. Mjomba wako ameleta ngisi, nimewaanika, nitakutumia kwa basi la Ijumaa, usisahau kwenda kupokea maana mara ile walioza. Bati nne zinatosha kwa jikoni. Mwezi huu usitume kitu, nitakopa kwenye kikundi.

Kesho jumuiya inasali rozari hapa kwetu, nimekuwekea nia. Tukimaliza nipigie, hata kwa dakika moja, uniambie tu kwamba barua bado imo mkobani.

Mama yako