Msikate Injili pale Petro anapoinuliwa

Ndugu Mhariri,

Huku Kigoma mtu akidai ushahidi kidogo kabla ya kukubali neno, ataitwa Tomaso, yule mtume aliyeshuku ufufuko. Petro naye hutajwa mahubirini zaidi kwa jogoo aliyewika alipomkana Bwana kuliko kwa funguo za Ufalme alizopewa. Sisi tunafundisha dini vigangoni, yaani makanisa madogo ya parokia, na tunaona lawama si ya wahubiri peke yao. Tatizo limo pia ndani ya Kitabu cha Masomo ya Misa cha Kanisa Katoliki, pale panapotolewa ruhusa ya kusoma somo fupi.

Petro kumkana Bwana tunakusikia kila mwaka Ijumaa Kuu, katika Mateso yaliyoandikwa na Yohana. Kurudishwa kwake, Yohana 21:15-19, ni Injili ya Jumapili ya tatu ya Pasaka katika Mwaka C tu wa mzunguko wa masomo wa miaka mitatu (A, B, C): ilikuwa 2025, itakuwa tena 2028. Na hata siku hiyo somo fupi huishia mstari wa 14. Watu husikia samaki 153, husikia mkate na samaki asubuhi, wakaketi. Lile swali Yesu alilomwuliza Petro mara tatu, “Wanipenda?”, linabaki kitabuni. Husomwa pia Ijumaa ya juma la saba la Pasaka, lakini siku hiyo wengi wako shambani au mwaloni wanakotua wavuvi.

Anayekata hapo anapoteza zaidi ya mistari mitano. Moto wa makaa unatajwa mara mbili tu katika Agano Jipya lote: uani kwa Kuhani Mkuu, Petro akiota na watumishi (Yohana 18:18), na ufukweni, samaki wakiwa juu yake (21:9). Apitaye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma jioni, samaki wa migebuka wakichomwa, anajua jinsi harufu ya makaa inavyomrudisha mtu mbali. Petro anarudishwa mbele ya moto wa aina ile ile aliokania. Alikana mara tatu, anaulizwa mara tatu, na kila jibu linafuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha. Haulizwi kwa nini alikana.

Tomaso ameonewa zaidi. Shaka yake husomwa Jumapili ya pili ya Pasaka miaka yote, A, B na C. Ushujaa wake uko Yohana 11:16, wenzake wakihofia mawe ya Uyahudi, yeye anawaambia waende wakafe pamoja na Bwana. Sura hiyo ni ya Jumapili ya tano ya Kwaresima Mwaka A, na somo fupi huruka kutoka mstari wa 7 hadi wa 17! Tena husahauliwa kwamba wale wengine walionyeshwa mikono na ubavu ndipo wakafurahi (20:20). Tomaso aliomba kile walichokwisha kupewa wao. Na habari za wanawake waliotoka kaburini mitume waliziona upuzi (Luka 24:11), ila hatujasikia kundi zima likibandikwa jina kwa hilo.

Kwa anayeongoza Ibada ya Neno kigangoni padri asipokuwepo: chagua somo refu. Yohana 21:1-19 haizidi dakika nne au tano. Kinachorefusha ibada mara nyingi ni matangazo na michango, basi huko ndiko pa kupunguza. Msomaji apewe kitabu mapema katikati ya juma, kwa sababu asiyejiandaa hukimbilia fupi.

Ikilazimu kufupisha, mistari iliyoachwa isomwe jumuiyani, katika kikundi cha sala cha majirani, juma hilo hilo. Aanze mmoja na 18:15-27, mwingine afuate na 21:1-19, pasiwe na maelezo katikati. Baadaye wakae kimya kidogo kabla ya mtu yeyote kuchangia. Mzungumzaji wa haraka ndiye huligeuza neno kuwa kesi ya jirani. Na kama jumuiyani yumo mtu ambaye anguko lake linajulikana, asipewe yeye kusoma sehemu ya Petro. Watu watamtazama yeye, hawatasikiliza.

Makatekista wawili,
Kigoma