Somoe, usibonyeze kwanza

Chikongola, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Hujambo na wanao? Sisi wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua na unga wa salfa umejaa mpaka kwenye kanga zilizoanikwa.

Uliponiambia jana kwamba umepata programu ya kuunganisha majina yanayofanana kwenye rejista ya wakulima, na kwamba Jumatatu unabonyeza ifute yote yaliyojirudia, usingizi uliniruka. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, ndiyo maana naandika.

Msimu uliopita mimi nilibonyeza. Walikuwepo mapacha wa kijiji kimoja, Hasani na Huseni. Baba mmoja, babu mmoja, tarehe ya kuzaliwa moja. Kompyuta ikaona ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, ikamfuta Huseni. Siku ya mgawo wa salfa akaja na baiskeli na kamba ya kufungia mifuko, akapanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika, jina halipo. Nilimtazama akiikunja ile kamba polepole na kuitia mfukoni. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa maua ya mikorosho ambao salfa ndiyo dawa yake, haungoji mtu arekebishiwe jina, Somoe, na maua yakishaharibika msimu wake umekwenda.

Tangu siku ile nimekuwa nikichimba nijue programu hizi zinafananishaje majina. Nyingi hutumia njia ya zamani iitwayo Soundex. Ilianza na hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya Mmarekani Robert Russell mwaka 1918, ikaja kutumika kupanga kadi za sensa za kwao. Inaacha herufi ya kwanza ilivyo, inatupa irabu pamoja na h, w na y, halafu konsonanti zenye sauti za karibu inazipa namba moja: d na t ni 3, m na n ni 5. Lakini l ni 4 na r ni 6. Chukua kalamu ujaribu. Hasani: H, kisha s ambayo ni 2, n ambayo ni 5, unajazia sifuri namba zitimie tatu. H250. Sasa Huseni. H250! Kinachowatenganisha ndugu hawa ni irabu, nazo zimeshatupwa. Kwa majina yetu ukitupa irabu umetupa nusu ya jina.

Na wale wanaotakiwa kukutana, inawaachanisha. Bibi yangu wa Newala hajawahi kumwita mtu Rashidi. Kwake ni Lashidi, na karani aliyeandika kwa kusikia kaandika Lashidi. Moja R230, jingine L230. Khadija ni K320, Hadija ni H320. Fadhili na Fazili vilevile.

Njia nyingine ni ya Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi, ya mwaka 1965. Unahesabu ni herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe mpaka jina moja liwe jingine. Rashidi kuwa Lashidi ni moja tu, vizuri kabisa. Ila Athumani kuwa Asumani ni mbili, na Hasani kuwa Huseni nako ni mbili. Ukiruhusu mbili, pacha anafutwa. Ukiruhusu moja, mzee Athumani anabaki watu wawili.

Kilichonisaidia ni kuipa kompyuta masikio ya huku kwetu. Kabla ya kulinganisha, inatengeneza nakala ya kila jina: th iwe s, dh iwe z, kh iwe h, r iwe l, herufi zilizorudiwa zibaki moja, i ya mwisho iondoke. Athumani na Asumani wote wanakuwa asuman, tofauti hakuna. Hasani na Huseni bado wako mbali kwa herufi mbili. Basi kikomo naweka moja, na mapacha wamesalimika. Othman, ambaye ni Athumani yuleyule, na Suleiman, ambaye ni Selemani, bado wananiponyoka; hao nimewatengenezea orodha kwa mkono.

Tafadhali, nakala hiyo ni ya kulinganishia tu. Kwenye rejista jina libaki kama mwenyewe anavyoliandika. Jina la mzee wa watu si letu kulisahihisha.

Sasa Asha na Aisha. Tofauti ni herufi moja, na wanaweza kuwa mtu mmoja au dada wawili wanaolala chumba kimoja. Hapo sijaona kanuni ya kusaidia. Mimi sasa naiacha kompyuta ichapishe jozi za namna hiyo, isifute hata moja. Zilitoka kurasa tatu. Nilikaa siku mbili chini ya mwembe na mwenyekiti wa kitongoji, tukiita jina moja moja, na Huseni alikuja akaonyesha kidole mstari wake mwenyewe.

Kanuni zote pamoja na ile orodha ya akina Othman nimezitia kwenye flashi. Kesho alfajiri nampa konda wa basi la Lindi, nitakutumia namba yake ukaipokee stendi. Ongeza zenu za Kimwera, wewe unayajua majina ya huko kuliko mimi. Jumatatu isogeze mbele, tafadhali.

Wako,
Zuhura